Swali la Sita

"Linganisha koala na tegu. Alama tano."
Nililitunga mwenyewe, usiku, umeme umekatika Lushoto,
nikidhani nimetega:
huyu ana manyoya na masikio ya sufi,
yule ni utepe mweupe, kama futi ya fundi cherehani
iliyosahauliwa tumboni mwa mteja.

Karatasi arobaini na mbili. Wengi wamejibu wakikimbia:
Koala ni mnyama. Tegu ni mnyoo. Basi.
Mmoja kamchora koala na mkia wa ngedere.
Nikacheka peke yangu, nikampa nusu.

Kisha Hoza Shemdoe, dawati la nyuma, mwandiko wa kuku:

"Mwalimu, wote wawili wanaishi ndani ya sahani.
Koala akiamka, ukuta wake ndio mboga yake.
Tegu hana mdomo, hana tumbo,
ngozi yake yote inakula.
Koala tumbo analo, na utumbo mrefu, maana majani yale ni sumu;
analala mchana kutwa akiyapigia hesabu.
Kila mmoja ana namna ya kushika. Huyu kucha,
yule kulabu za kichwani, na kichwa chenyewe punje ya ulezi.
Mtoto wa koala hukaa mfukoni.
Mayai ya tegu hukaa kwenye pingili,
na pingili ikiiva hukatika yenyewe,
muwa usiotaka panga."

Hapo nilishampa tatu.

"Koala hakuna aliyemwona huku. Chakula chake tunacho.
Mikaratusi ya juu ya kwetu ilipandwa
babu hajaota ndevu.
Sahani imesimama mlimani, inanukia dawa ya kifua,
haina wa kuilamba.

Tegu namjua. Alitoka kwangu nikiwa darasa la tano,
baada ya siku ya vidonge. Mama akamfukia na majivu,
akaniambia nisimwambie mtu. Nakwambia wewe.
Nilikuwa na njaa ya watu wawili
na mwili wa nusu mtu,
na shangazi anapita akisema, huyu mtoto makande yanaingia wapi?

Sasa tofauti. Koala ana alama za vidole kama mimi na wewe,
angeweza kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kupanga.
Tegu hajawahi kuomba chumba.
Hayo ya kitabuni. Lakini, mwalimu,
chini ya ile mikaratusi palikuwa na chemchemi.
Mama alichota pale akiwa na mimba yangu.
Leo ukitega ndoo asubuhi,
jioni unakuta ndoo na chura.
Mizizi imeshuka hadi kooni mwa mlima.
Haina mdomo, ngozi yake yote inakunywa,
na huko juu majani yanang'aa, wageni wanapiga picha.
Basi mti huu niuweke safu ipi?
Na koala akija leo, atakuwa mgeni wa nani?"

Wino umemwishia hapo. Mstari wa mwisho ni wa penseli:
"Nimeacha nafasi."

Mwongozo wa kusahihisha uko mbele yangu, niliuandika mimi,
hoja tano, na chemchemi haimo.
Kwenye jiko, sufuria ya majani ya mkaratusi,
najifukizia mafua tangu Jumatatu.
Paa linalonikinga limelala juu ya nguzo zake.

Utotoni tulikuwa tukiitana gizani: Kitendawili!
Tega!
Ukishindwa, unatoa mji.
Nimeshika kalamu nyekundu. Nimeandika,
Hoza, nimeshindwa, chukua mji.
Ningekupa Tanga nzima na mkonge wake,
ningekupa na barabara ya lami hadi Mombo.
Halafu nikakikata kile kiapo kwa mstari mmoja,
kwa sababu kwao hawataki mji. Wanataka ndoo ijae
kabla ya kengele ya asubuhi.

Tano kwa tano, nikaweka.
Kisha nikainuka kufunika sufuria, mvuke ukanifuata,
ukaniingia machoni.